HADITHI YA PICHA: TUMUULIZE MSOMAJI KWANZA

Naomba nafasi hii niseme jambo ambalo limenikereketa moyoni tangu muhula wa kwanza. Wanachama wenzangu wasinikasirikie, kwani wa kwanza kulaumiwa ni mimi.

Mnakikumbuka kile kijitabu chetu cha katuni kuhusu mfalme na mganga? Nilikiandika mimi. Tulitoa nakala 100 kwa shilingi 50 kila moja. Nakala 83 zingali kabatini kwa mwalimu mlezi, na karatasi zilinunuliwa kwa ada zenu. Ati tulifanya utafiti! Tulipita madarasani tukauliza, "Mngependa kusoma hadithi ya picha?" Mikono yote juu. Jamani, nani angekataa? Hata mimi ukiniuliza kama napenda pilau nitaitikia, lakini mfukoni sina kitu.

Muhula wa pili nilibadilisha mbinu. Nilichora kurasa nne kwa kalamu, nikaziacha bwenini bila kusema ni zangu, nikajifanya napiga viatu rangi. Wa kidato cha kwanza waliruka maneno wakatazama picha. Walicheka mahali ambapo sikukusudia kichekesho. Mmoja akauliza, "Kwani huyu mfalme hajui kuongea kama watu?" Iliniuma, lakini alisema kweli. Kabla ya kengele ya kulala, watu 18 walikuwa wamezisoma kurasa zile zile. Hapo ndipo nilipofumbuka macho: wasomaji tunao tele, wanunuzi ndio haba. Nani atatoa hamsini na nakala ya jirani yake iko kitandani?

Tazameni Shujaaz, iliyoanza hapa Kenya mwaka wa 2010. Iligawanywa bure, ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, na wahusika wake walisema Sheng. Vijana walimtumia mhusika mkuu, DJ Boyie, ujumbe kwa simu. Wenyewe walijua kijana hana pesa ila ana maoni, kwa hivyo gharama wakaitafutia mlipaji mwingine.

Sisi hatuna mfadhili, lakini siku ya wageni wazazi huja na pesa, na mwenye duka la nje ya lango hupenda jina lake lionekane. Mbona hatujawahi kuwauliza? Kuhusu lugha, najua walimu wetu watakunja uso. Msimulizi na aseme Kiswahili sanifu. Wahusika waachiwe waongee kama sisi tukiwa kwenye foleni ya githeri.

Nimeweka daftari mlangoni mwa maktaba pamoja na kurasa nne mpya. Atakayezipenda aandike jina na alipe shilingi kumi papo hapo. Tusipofikisha majina 60, hatuchapishi, na kila mtu atarudishiwa pesa zake. Kufikia jana yalikuwa 22, na matano ni ya walimu.