Kughairi Si Kuahirisha

Msomaji, chukua maneno matatu: ghairi, ahirisha na futa. Wako watu wayatumiao kana kwamba ni neno moja lililovaa nguo tatu. Nasema hilo ni kosa, tena kosa lenye madhara.

Kuahirisha ni kusogeza wakati. Nia hubaki ile ile. Kufuta ni kuliondoa jambo lisiwepo tena, kwa sababu yoyote iwayo. Lakini kughairi ni kugeuka nia. Huanza moyoni, ndipo kuonekane katika matendo. Kwa hiyo mvua haiwezi kughairi mchezo wa mpira, maana mvua haina nia. Mwenye kughairi ni yule aliyekusudia.

Tazama Michezo ya Olimpiki. Japani ilikuwa imekubaliwa kuiandaa mjini Tokyo mwaka 1940. Mwaka 1938, ikiwa vitani na China, ilighairi. Michezo ikapewa Helsinki, lakini ikafutwa kwa sababu ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 2020 ilipokuwa zamu ya Tokyo, maradhi ya korona yalienea duniani. Michezo ikaahirishwa, ikachezwa mwaka 2021. Mambo matatu, maneno matatu. Ukiyachanganya, umeandika historia ya uongo.

Watasema kwamba lugha hukua, basi kila mtu na aseme apendavyo. Naam, lugha hukua. Lakini aliyekuwa na maneno matatu akabaki na moja hakukua, amefilisika.

Tena liko jambo kubwa kuliko sarufi. Mtu aliyeahidi kumlipia nduguye karo, kisha moyo wake ukageuka, hupenda kusema, "Nimeahirisha." Kwa neno hilo humweka mwenziwe mlangoni, akingoja siku isiyokuja. Kama angalisema, "Nimeghairi," yule angalilia leo, na kesho angalitafuta njia nyingine. Neno la kweli lingalimwumiza mara moja; neno la uongo humwumiza kila asubuhi.

Wala kughairi si aibu kila mara. Aliyekusudia ubaya akaghairi anastahili sifa. Aliyekusudia wema akaghairi bila sababu anastahili lawama. Neno lenyewe halihukumu. Hudai ukweli tu.

Basi, kijana, ukibadili nia, sema umeghairi. Usiifiche nia yako nyuma ya kalenda.