Tembo wa Kitale na Lango la Chetambe

Safu hii haikutoka wiki mbili zilizopita, na walioniuliza msikitini niliwajibu kwamba nilikuwa bara. Leo nalilipa deni.

Nilikwenda Kitale kumzuru mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeolewa huko miaka mingi sasa. Mumewe yuko Qatar kikazi, naye amebaki na watoto watatu, mkubwa wao mvulana wa miaka 14. Sijamaliza hata kikombe cha chai, akanivuta kando. "Mjomba, nataka fatwa. Kijana huyu ana mchezo wake kwenye kompyuta, na tangu likizo ianze hana jingine. Niambie ni haramu, nami niufute leo leo."

Fatwa si chapati, ndugu zangu, kwamba mwenye njaa huletewa ikingali moto. Kabla ya kuhukumu jambo ni wajibu kulijua. Nikavuta kiti nikakaa ubavuni mwa kijana.

Mchezo waitwa Dwarf Fortress. Uliundwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, ukatoka mara ya kwanza mwaka 2006. Mchezaji hupewa vibete saba na mkokoteni, akaachwa achimbe mlima na kujenga ngome. Baadaye huja wahamiaji, waume kwa wake, watoto wakazaliwa. Kisha huja maadui. Mjukuu wangu alikuwa amewagawa askari wake kwa zamu, hawa wakilinda wale wakila na kulala, kwani askari akikeshwa muda mrefu huingiwa na dhiki hata akampiga mwenziwe. Kila jina alilijua. Alikuwa na mbwa waliofundishwa vita, kila mmoja amekabidhiwa askari wa kumfuata.

"Mbwa!" akaguna mama mtu nyuma yetu. Nikamkumbusha kwamba mbwa wa ulinzi na wa kuwinda sheria imemruhusu, na kwamba mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa katika Suratul Kahf. Nililolichukia mimi ni jingine: vibete hao bila pombe kazi huwawia nzito. Kijana aliinamisha kichwa akasema, "Babu, hilo siwezi kulibadilisha."

Fahari yake kubwa ilikuwa tembo, aliyemnasa porini na kumfundisha vita. Tatizo ni kwamba tembo huyo alikuwa akiyamaliza malisho ya mbuzi. Nikacheka. Nikamwambia kwamba tembo wa kweli aweza kula kadiri ya kilo 150 za majani kwa siku, na kwamba watu wakisoma Suratul Fil huwawazia ndege na vijiwe, wala hawawawazii wachungaji wa Abraha waliotafuta majani na maji kila kituo cha safari ile ya jangwani. Tena kutoka uani kwao Mlima Elgon waonekana, ambako tembo huingia pango la Kitum usiku wakikwangua kuta kwa pembe, wapate chumvi. Hilo kijana hakulijua, ingawa amezaliwa chini ya mlima huo.

Ngome yako ya kwanza ilianguka vipi? nikamwuliza.

"Nilifunga lango, Babu. Maji yalikuwa nje."

Sisi wa Mombasa tungepaswa kulielewa jibu hilo kuliko wengi. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndani hawakuwamo Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili, wanawake na watoto. Maradhi na uhaba wa chakula viliua wengi kuliko mizinga.

Kesho yake nikawachukua wote, mama na watoto, tukapanda matatu ya Webuye. Njia hupita Kiminini na Kamukuywa, mahindi kulia na kushoto, hata ukaingia Kaunti ya Bungoma. Juu ya mji wa Webuye kuna kilima chenye mabaki ya Ngome ya Chetambe. Huko Wabukusu na Watachoni walikuwa na vijiji vyenye kuta nene za udongo, nje handaki refu, lango jembamba, na ng'ombe wakilala ndani usiku. Mwaka 1895 Mwingereza C. W. Hobley aliongoza vita dhidi ya Wabukusu. Kisa kilikuwa bunduki zilizofika mikononi mwao, na kikosi kilichotumwa kuzidai mwaka mmoja kabla, kikauawa. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Waliookoka wakakimbilia Chetambe, nayo ikaanguka. Watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa ngawira. Sitaficha kwamba katika jeshi la Hobley, pamoja na Waganda na Wamasai, walikuwamo askari wa Kisudani, ndugu zetu katika dini. Hadithi hii hatuisimulii barazani kwetu.

Handaki lingaliko, limeota nyasi. Kijana alilitembea ukingoni, akihesabu hatua. Kisha akasimama.

"Babu, katika ngome ya pili nilifunga lango na mchunga mbuzi yuko nje. Alikuwa mtoto. Nilipiga hesabu nikaona ni mmoja kwa sabini."

Mama yake alikuwa amempakata kitindamimba. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na angekuwa huyu?"

Hakujibu. Aliokota udongo akaufinyanga mkononi hadi tukashuka.

Ndani ya matatu, watoto wamelala, mpwa wangu aliniambia jambo ambalo hakulisema siku ya kwanza. Tangu mumewe aondoke, mvulana huyu ndiye hufunga geti la nyumba usiku. Hulifunga, huenda kitandani, kisha huamka akatoke tena kulishika kufuli. Hakuna aliyemwagiza.

Basi rai yangu nilimpa hukohuko njiani. Siuharamishi mchezo huo kwa niliyoyaona, ila swala isichelewe kwa ajili yake, na kompyuta itoke chumbani ikae sebuleni. Wakati wa chakula amuulize watu wake wameshindaje, kama ambavyo angemuuliza baba mtu habari za kazini. Na geti, nikamwambia, kuanzia usiku huu lifunge wewe, naye akuone ukilifunga.

Jumatatu iliyopita nilipata ujumbe wa sauti kutoka Kitale. Kijana amechimba kisima ndani ya ukuta, na mbuzi sasa huingizwa ndani mapema, pamoja na mchunga wao. Tembo amekufa kwa njaa, anasikitika. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mama mtu akipaza: "Mwambie na babu yako Alasiri umeiswali saa ngapi!"