Tusiharibu meno kwa pupa ya usafi

Kila Ramadhani hunijia wagonjwa wanaolalamika meno kutiwa ganzi. Ukiwauliza, wengi wamefuturu kwa juisi ya ukwaju au maji ya ndimu, kisha wakapiga mswaki papo hapo ili wawahi Isha na Tarawehe.

Nia ni njema, bali utaratibu una kasoro. Tindikali ya ukwaju, ndimu na soda hulainisha gamba gumu la nje la jino. Ukilisugua wakati huo unalikwangua, na likishaisha halioti tena. Mate huhitaji muda kulikaza. Subiri japo nusu saa, na saa nzima ni bora.

Je, tuache Sunna ya mswaki? La hasha! Kabla ya Isha, kusukutua vizuri wakati wa udhu kunasaidia kuondoa tindikali. Ukirudi kutoka Tarawehe, kabla ya kulala, piga mswaki taratibu kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi, ambayo huliimarisha gamba. Tema povu, usisuuze kwa maji mengi. Mtoto aliye chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele tu, kwani akizoea kumeza nyingi, meno yake ya ukubwani huweza kuota na madoa.

Mti wa mswaki nami nautumia, lakini kwa maoni yangu usiwe sababu ya kuiacha dawa hiyo. Meno ni amana. Tutaulizwa tulivyoitunza.

Wabillahi tawfiq.