Mlinzi Aliyechoka

Hapa Uganda mwaka wa shule huanza Februari na kwisha mwanzoni mwa Desemba, na katika mihula yake mitatu hakuna unaotuchosha kama huu wa mwisho. Mwezi wa Novemba watoto wa darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Siku ya kwanza ni hisabati na elimu ya jamii, ya pili ni sayansi na Kiingereza. Kwa ajili ya siku hizo mbili, nyumba nzima huwa imeamka kabla ya alfajiri mwaka mzima: uji upikwe, sare ipigwe pasi, mtoto asindikizwe gizani.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 1997 karo iliondolewa katika shule za msingi za serikali. Hata hivyo daftari, sare na chakula cha mchana havijauacha mkoba wa mzazi. Na mwenye mtoto katika shule ya bweni anajua orodha ya vitu vya kupeleka: karatasi, mifagio, sabuni, na deni la karo nyuma yake. Ifikapo Desemba, mtoto amechoka, mama amechoka, na pesa nazo zimekwisha.

Nataka niwasimulie kosa langu mwenyewe, huenda likamfaa mtu.

Desemba ya mwaka jana mwanangu, aliyekuwa kidato cha pili, alirudi nyumbani kutoka bweni. Baba yake alikuwa kazini Somalia, ambako askari wetu wamekuwa wakienda tangu mwaka 2007. Nami siku hiyo nilikuwa nimefua tangu asubuhi, na mwenye duka alikuwa amekwisha kunidai mara mbili. Kijana akateremka kwenye pikipiki, godoro kichwani, sanduku mkononi. Sikumpokea mzigo. Neno langu la kwanza lilikuwa, “Ripoti iko wapi?”

Akanipa. Hisabati ilikuwa imeanguka vibaya. Nilisema maneno mengi pale mlangoni, majirani wakisikia, na nikamtaja mtoto wa nyumba ya pili aliyefaulu. Hakujibu. Aliingia ndani, akalala na viatu miguuni, asile chochote.

Asubuhi nikafungua sanduku ili nifue nguo zake. Katikati ya daftari nikakuta cheti cha zahanati. Mwezi wa Oktoba mwanangu alikuwa amelazwa siku tano kwa malaria. Nilipomwuliza, alisema kwamba alimsihi muuguzi asinipigie simu, kwa kuwa alijua baba yuko mbali na mama hana kitu. Wasomaji wangu, nilikaa chini pale pale kando ya beseni.

Kambini kwetu yuko mzee mmoja, sajini mstaafu, aliyesikia kelele zangu za jana yake. Hakunilaumu. Alisema tu, “Mwanangu, mlinzi asiyebadilishwa lindoni mwishowe humfyatulia risasi mwenzake.”

Neno hilo linatuhusu sisi watu wa kambi kuliko wengine. Hakuna mkuu wa kikosi anayemweka askari lindoni usiku na mchana kwa miezi kumi. Anajua kwamba macho yaliyochoka hayatofautishi rafiki na adui. Lakini nyumbani tunamwacha mama kwenye zamu moja tangu Februari, kisha tunashangaa akiwa mkali.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, mtoto anaporudi apokewe mzigo, apewe maji ya kuoga na chakula, na aachwe alale. Ripoti haiozi. Isomwe siku ya tatu, watu wakiwa wameketi, na swali la kwanza lisiwe la namba bali, “Muhula huu ulikuwaje kwako?” Baba aliye mbali naye, apigapo simu, aanze na hilo hilo.

Pili, zamu ibadilishwe. Watoto wakubwa, wavulana kwa wasichana, wagawane kuteka maji, kupika na kuosha vyombo. Afande aliye likizo apokee lindo la nyumba japo kwa siku mbili, mama alale mpaka jua litoke, au awatembelee ndugu zake. Mtu anayejua kupiga pasi sare yake na kutandika kitanda chake kambini hashindwi kuwapikia wanawe uji.

Tatu, fungu la karo ya Februari litengwe kabla ya kununua nyama na nguo za sikukuu, hata likiwa dogo. Hasira nyingi za Desemba ni hofu ya Februari iliyovaa nguo nyingine. Mtoto naye aelezwe hali ya nyumba kwa upole, lakini aambiwe wazi kwamba ugonjwa hautunzwi kuwa siri kwa sababu ya pesa.

Mwanangu sasa yuko kidato cha tatu, na juma lijalo atarudi. Maji ya kuoga nitayabandika mapema, na mzigo nitampokea mimi mwenyewe njiani. Ripoti itangoja.

Hadi juma lijalo, kwaherini.