Barua ya Askari wa Rusizi: Iandikwe, Lakini kwa Masharti

Kwa muda sasa limekuwa likizungumzwa, katika bwalo la maafisa, katika kantini na hata penye lindo, jambo ambalo baadhi ya wenzetu huliona dogo. Je, askari na polisi wa eneo letu la Rusizi waandikiwe barua yao ya habari, kwa Kiswahili, itakayowafikia kila baada ya majuma mawili? Na kama itaandikwa, iwafikie kwa njia gani: karatasi ya kubandikwa ubaoni, au baruapepe ya kusomwa katika simu? Tumeulizwa rai yetu na watu wa pande zote mbili, na kwa kuwa kazi tuliyopewa ni hii hii ya habari na uhusiano, si haki tukae kimya.

Wanaopinga hawakosi hoja. Husema kwamba jeshi lina jarida lake la Ingabo, redio ipo, amri za kila siku husomwa gwarideni, na hakuna kikosi kisicho na kundi lake la WhatsApp. Ya nini karatasi nyingine? Hoja hiyo tunaiheshimu, ila inachanganya mambo mawili yasiyofanana. Amri husomwa ili itiiwe. Habari husomwa ili ifahamike, na mwenye kuisoma ana ruhusa ya kuuliza. Koplo anayetaka kujua mkopo wake wa Zigama utakatwa kwa miezi mingapi, au mkewe apeleke wapi kadi ya matibabu ya MMI akiwa kijijini Bweyeye, hawezi kunyosha mkono gwarideni. Na akiuliza katika kundi la simu, jibu litafunikwa na picha za mpira na salamu za siku ya kuzaliwa kabla hajamaliza zamu yake.

Tena tukumbuke tulipo. Daraja moja tu hututenga na Bukavu. Kule Bugarama nchi tatu zinapakana. Mahali kama hapa uvumi hauhitaji pasi ya kusafiria. Askari asiyeambiwa jambo na wakubwa wake ataambiwa na mwingine, na huyo mwingine hatachelewa.

Wala si jambo jipya katika sehemu zetu hizi kumwandikia askari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Kiafrika wa majeshi ya Kiingereza ya Afrika Mashariki walikuwa na gazeti lao la Kiswahili lililoitwa Heshima. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipita katika matope ya Bonde la Kabaw huko Burma, mpaka ikaingia Kalewa mwezi wa Desemba. Kijana wa Kikamba au wa Kinyamwezi aliyekuwa maelfu ya maili kutoka kwao aliweza kusoma habari katika lugha aliyoielewa, au kusomewa na mwenzake aliyejua kusoma. Lilikuwa gazeti la mtawala, na nia ya mtawala ilikuwa askari atulie na asiulize mno. Kwa hilo hatulisifu. Lakini mtawala huyo alitambua jambo ambalo sisi wenye majeshi yetu wenyewe hatupaswi kulisahau, kwamba mtu hupigana vizuri zaidi akijua yuko wapi na kwa nini.

Jirani zetu nao hawakulala. Jeshi la Uganda hutoa Tarehe Sita, jina la Kiswahili lenye kumbukumbu ya shambulio la Kabamba la tarehe 6 Februari 1981. Jeshi la Kenya hutoa Majeshi Yetu. Na wanaotuuliza kwa nini barua hii iwe ya Kiswahili hali Kinyarwanda kinatutosha, tunawajibu kwamba tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi katika Rwanda. Zaidi ya hapo, wenzetu waliopelekwa Cabo Delgado mwezi wa Julai 2021 watawasimulia jinsi Kiswahili kilivyowafaa kwa raia wa pwani ile, Palma na Mocímboa da Praia. Lugha hudumu kwa mazoezi, kama shabaha.

Basi rai yetu ni kwamba barua iandikwe. Hapo ndipo baadhi ya rafiki zetu hupiga makofi na kudhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Tulipata kushuhudia, katika kikosi ambacho hatutakitaja, kijarida kilichoanzishwa kwa shangwe. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa kumi na mbili. La pili lilikuwa na nane, na sita kati ya hizo zilikuwa picha za wageni waheshimiwa wakipokewa, wakiketi, wakinywa maji na kuagwa. La tatu lilichelewa miezi minne. La nne hatujaliona hadi leo. Askari wa kawaida hakulikataa kwa maneno, alilifungia sabuni. Kosa halikuwa fedha. Waandishi walikuwa wakimwandikia mkubwa aliyewateua, si msomaji, na msomaji hana haja ya kukaa karamuni asikokaribishwa.

Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni udogo. Ukurasa mmoja, pande mbili, utoke siku iliyotangazwa, mvua inyeshe isinyeshe. Kama hatuwezi kuahidi tarehe, tusianze kabisa, maana barua inayokuja ikipenda humfundisha msomaji kutoingoja.

Sharti la pili ni gumu zaidi kwa watu wa vyeo vyetu: barua iwe na mahali pa askari kusema. Waamerika katika vita ile ile ya pili walikuwa na gazeti la Stars and Stripes, na ndani yake mchoraji kijana, Sajini Bill Mauldin, aliwachora askari wawili wachafu, wenye ndevu na uchovu, wakiwacheka maafisa. Jenerali Patton alikasirika hata akamwita mwaka 1945 akamkaripia ana kwa ana. Lakini mkubwa wa Patton, Jenerali Eisenhower, hakutaka gazeti la askari liingiliwe, na michoro ikaendelea. Jeshi lile halikuvunjika kwa sababu ya michoro. Sisi hatudai mambo yafike huko. Tunataka robo ya ukurasa tu, ambapo askari ataandika kwamba paa la lindo fulani linavuja, na chini yake mhusika atajibu lini litazibwa. Malalamiko yasiyo na jibu yasichapwe; yangojee hadi jibu lipatikane, na mwenye kuchelewesha jibu aulizwe.

Wapo watakaotuonya kwamba maneno yakiachiliwa huua. Katika nchi hii hatuhitaji kufundishwa hilo. Kangura lilianza mwaka 1990, redio RTLM ikafuata mwaka 1993, na yaliyotokea katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 kila mmoja wetu anayabeba. Mahakama ya Arusha iliwatia hatiani wenye vyombo hivyo mwezi wa Desemba 2003. Fundisho tulilolipata sisi humo halikuwa kwamba tuache kuandika. Ni kwamba kila mstari uwe na mtu mwenye jina, mwenye kuujibia. Barua yetu isitoke bila jina la aliyeiandika na la aliyeikagua.

Sasa tufike kwenye jambo linalotunyima usingizi, nalo ni orodha.

Barua ya karatasi haihitaji orodha: unaibandika, apitaye anasoma. Baruapepe haitumwi bila majina na anuani za wapokeaji, na mtu akiipata orodha hiyo amepata nusu ya kikosi, nani yuko wapi na ni wangapi. Mwezi wa Septemba 2021, baada ya Kabul kuanguka, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliwatumia baruapepe Waafghani waliokuwa wamelifanyia kazi jeshi lake na waliotaka kuokolewa. Mwandikaji aliweka anuani zote mahali ambapo kila mpokeaji aliziona, badala ya kuzificha. Watu 245 wakafichuliwa kwa kosa la kidole kimoja. Mmoja wao alimjibu kila mtu na kutaja mahali alipokuwa amejificha. Mwaka 2023 Wizara hiyo ilitozwa faini ya pauni 350,000, lakini faini haimwondolei mtu hofu akisikia mlango unagongwa. Kabla ya hapo, mwezi wa Januari 2018, dunia ilishangaa kuona kwamba ramani ya Strava, iliyokuwa ikionyesha njia za watu wanaokimbia mazoezi, ilichora pia mipaka ya kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikimbia na vifaa vyao mkononi. Hakuna jasusi aliyetumwa. Walijichora wenyewe.

Na sisi wa Cyangugu tuna sababu yetu ya kuiogopa orodha. Mwezi wa Aprili 1994, miongoni mwa watu waliokimbilia Uwanja wa Kamarampaka, wapo walioitwa kwa majina yaliyoandikwa, wakatolewa nje na kuuawa. Uwanja huo bado upo mjini, na tunapita karibu nao tukienda kazini. Anayetuambia kwamba orodha ya majina ni karatasi tu, hatuna la kumjibu.

Ndiyo maana tunasema: karatasi kwanza. Ibandikwe langoni, bwaloni, katika vituo vya polisi, na nakala zivushwe kwa mashua hadi kisiwa cha Nkombo na zipande gari hadi kwa wanaofanya doria ukingoni mwa Nyungwe, ambako simu hupata mtandao kwa kubahatisha. Baruapepe ifuate, kwa mwenye kuiomba mwenyewe tu. Asiandikishwe mtu kwa amri, hata kama kamanda anataka kuonyesha hesabu nzuri. Sheria ya nchi ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu taarifa za watu binafsi inataka ridhaa, na barua iliyolazimishwa hufutwa kabla haijafunguliwa. Anayetaka kuacha aache bila kuulizwa sababu. Katika orodha ibaki anuani peke yake, bila cheo, bila kikosi, bila kituo. Iwekwe na mtu mmoja na naibu wake, na anayehamishwa aikabidhi kwa saini kama anavyokabidhi bunduki. Ndani ya barua yenyewe isitajwe zamu, njia ya doria, wala safari ya mtu ambaye bado hajafika aendako. Picha za ndani ya kambi tuziachie albamu za nyumbani.

Limebaki swali ambalo hakuna mjumbe aliyependa kulijibu: nani ataandika? Afisa mmoja hatoshi, kwa kuwa leo yupo Kamembe na kesho ana amri ya uhamisho. Tunapendekeza watu watatu, mmoja wa jeshi, mmoja wa polisi, na sajini mmoja mzee ambaye askari humwendea wakiwa na shida, hata kama Kiswahili chake cha kuandika kina makosa. Makosa ya herufi tutayasahihisha sisi. Wapewe meza, kompyuta moja, na Alhamisi mbili kwa mwezi zisizo na kazi nyingine. Na toleo la kwanza lianze na suala la mikopo, kwa kuwa hilo ndilo tuliloulizwa na watu wengi kuliko jingine lolote tulipokuwa tukizunguka kuuliza kama barua inatakiwa.