Sauti Ndogo Isiyopotea



Mzee akiacha kuomba kitu alichokipenda, huenda hakukichoka. Huenda anaona haya kuwataabisha wenziwe. Mamangu mzazi, anayeishi nasi, alikuwa na desturi ya kusikiliza kisomo cha Qur'ani baada ya sala ya Isha kwenye amplifaya yetu kongwe ya transista. Tulipojaaliwa mjukuu, akalazwa chumba cha ubavuni, ikabidi sauti ipunguzwe. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Volyumu ikiwa chini, spika ya kushoto hunong'ona na ya kulia hunyamaza kabisa. Ikisogezwa kiasi cha unywele, sauti huruka na mtoto huamka akilia. Baada ya siku chache mama akasema, "Basi, mwanangu, zima. Usingizi umenijia." Usingizi haukuwa umemjia.

Nilizishuku spika, na nastahi kusema kuwa niliyashuku hata masikio yake. Binti yangu, aliyesomea ufundi wa elektroniki, akanirekebisha: "Baba, masikio ya nyanya hayana kosa. Kosa liko kwenye volyumu."

Ndani ya kizungusho cha sauti, ambacho mafundi hukiita potenshiometa, mna mkanda wa kaboni wenye umbo la hilali, na juu yake hutambaa mkono mdogo wa chuma. Penye spika mbili mikanda nayo ni miwili, ikiongozwa na kijiti kimoja. Sikio la mwanadamu halipimi kwa mstari ulionyooka: volti zikipunguzwa nusu, sisi huona sauti imeshuka kidogo tu. Ndiyo maana mikanda ya sauti hutengenezwa ipande polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Mara nyingi hufanywa kwa kuunganisha vipande vya kaboni vyenye ukinzani tofauti, na ni vigumu mikanda miwili ya namna hiyo kulingana, hasa pale chini kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya spika moja kusema na nyingine kunyamaza.

Dawa yake haikuwa ghali. Aliing'oa potenshiometa ile, akatia nyingine ya omu 100,000 ambayo ukinzani wake hupanda sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, kwani mikanda ya aina hii hulingana vizuri zaidi. Kisha, kwa kila upande, akalehemu rezista moja ya omu 15,000 kati ya mguu wa katikati na mguu wa ardhi. Rezista hiyo bei yake haifiki bei ya mkate. Bila ya rezista, kizungusho kikiwa katikati hupitisha nusu ya volti, yaani upungufu wa desibeli 6 tu. Pamoja nayo, hupitisha chini ya moja ya tano, upungufu wa desibeli 14 na nusu hivi. Kwa hivyo sauti ndogo imepata uwanja mpana wa kupimwa.

Atakayetaka kufanya hivi ampe fundi anayejua kazi yake, na azingatie mambo matatu. Kwanza, waya wa umeme uchomolewe na chombo kiachwe kipoe, maana kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa, watoto wasisogee. Pili, asiamini herufi zilizopigwa juu ya potenshiometa, kwani watengenezaji hutofautiana. Apime kwa mita, na mkono ukiwa katikati isome nusu. Tatu, rezista humzidishia mzigo mtambo unaoleta sauti, ambao huona kama omu 13,000 volyumu ikifunguliwa yote. Mitambo ya transista kwa kawaida huubeba mzigo huo bila shida. Baadhi ya mitambo ya zamani ya valvu haiuwezi.

Usiku wa kwanza baada ya matengenezo mjukuu alikuwa amelala, na kisomo kilikuwa chini hata mimi nikiwa mlangoni sikukitambua ni sura gani. Nikamuuliza mama kama niongeze. Akatikisa kichwa. "Mwache hapo hapo," akasema. "Namsikia mpaka anapovuta pumzi."

Basi kabla hatujanunua spika kubwa zaidi, na tukague kile kinachoipima sauti. Na mzee akisema amelemewa na usingizi, tumuulize mara ya pili.

Wabillahi tawfiq.