TUNZA AFYA YAKO
Kuungua kwa Moto Usioonekana

Ndugu msomaji, unajua kumsaidia mtu aliyeungua kwa uji wa moto. Lakini kuna kuungua kwa namna nyingine. Ni kuungua kwa mionzi. Mionzi haionekani wala haina harufu. Jeraha lake huchelewa kuonekana.

Sikiliza yaliyotokea katika nchi ya Georgia. Mwezi wa Desemba, 2001, wanaume watatu wa kijiji cha Lia walikwenda msituni kutafuta kuni. Theluji ilifunika ardhi. Waliona vyuma viwili mahali ambapo theluji ilikuwa imeyeyuka. Vyuma vilikuwa na joto, ingawa hapakuwa na moto. Usiku walilala karibu navyo ili wapate joto. Usiku ule ule walianza kutapika. Baadaye ngozi ya migongo ilibabuka, ikawa vidonda. Vyuma vile vilitoka katika mitambo ya zamani ya umeme. Ndani yake mlikuwa na madini yenye mionzi. Wawili walitibiwa kwa miezi mingi. Mmoja wao alifariki mwaka 2004.

Kwa nini vidonda hivyo ni vigumu kupona? Mwili una askari wake ndani ya damu. Askari hao hupigana na vijidudu. Mionzi mingi huwapunguza. Basi hata kidonda kidogo huweza kuoza, na damu huweza kukataa kuganda. Kwa hiyo daktari hutaka kushona na kupasua mapema, katika siku mbili za kwanza, kabla askari hawajapungua.

Je, ufanye nini?

1. Mwondoe mgonjwa karibu na kitu hicho. Zuia watu wasikisogelee.

2. Kama anatoka damu nyingi, zuia damu kwanza. Usimwogope. Mtu aliyepigwa na mionzi tu hawezi kukuambukiza.

3. Kama amemwagikiwa na vumbi au unga wa kitu hicho, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mvue nguo taratibu. Zitie katika mfuko, uufunge, uuweke mbali na watu. Mwoshe kwa maji na sabuni bila kumsugua kwa nguvu. Kidonda kioshe kwa maji safi yanayotiririka. Kisha kifunike kwa kitambaa safi.

4. Usipasue malengelenge. Usipake mafuta, majivu wala samli.

5. Mpeleke hospitali upesi. Mweleze daktari alishika kitu gani, kwa muda gani, na alianza kutapika saa ngapi. Maneno hayo humsaidia daktari kujua ukubwa wa hatari.

Ndugu msomaji, waonye watoto na wanaookota vyuma chakavu. Ukiona chuma chenye alama ya mapanga matatu meusi katika rangi ya njano, au chuma chenye joto bila moto, usikiguse. Kaa mbali, kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi. Kuni utapata mahali pengine. Mgongo wako ni mmoja tu.